Mwanao Ana Mlezi Mwingine? Mwongozo kwa Wazazi wa Mwanza na Mialo Yake

Mwanangu wa pili alipokuwa kidato cha pili, alikosa darasani siku 19 katika muhula mmoja. Shule haikuniambia. Aliyeniambia ni mama mmoja muuza vitumbua pale Mwaloni Kirumba, mwalo na soko la samaki na dagaa, tena alikuwa ananisifia: "Dada, una kijana mchapakazi! Kila nikitenga karai langu namwona anashusha dagaa." Mimi nauza dagaa Igoma, naenda Mwaloni kununua mzigo mara mbili kwa wiki. Siku zangu kijana alizijua zote, akazikwepa. Nikarudi nyumbani nikamchapa mpaka mkono ukaniuma mwenyewe. Kulipokucha hayupo. Alikaa visiwani wiki tatu, akarudi na simu mpya, jina la utani nisilolijua, na mtu anayemwita "braza" ambaye sijawahi kumtia machoni.

Huyo braza kwetu alikuwa mtu wa kamari na mizigo ya usiku. Baadaye nilipoingia kwenye kamati ya mtaa ya ulinzi wa watoto nikakutana naye tena na tena, kila mara kavaa kingine. Nyumba moja alikuja kama kiongozi wa kikundi cha vibaka. Nyingine alikuja kama ustadhi asiye na msikiti, na nyingine kama mtumishi wa Mungu aliyemkataza binti wa watu kwenda shule wala hospitali. Maneno yao yanatofautiana sana, ila mtoto wanayemtafuta ni yule yule: ambaye nyumbani hana mtu wa kumweleza mambo yake. Haya ninayoandika ni yale ninayowaambia wazazi wanaokuja kukaa kwenye benchi letu, kwa utaratibu ninaowaambia.

Hatua ya kwanza: andika saa zake

Chukua daftari la mtoto, karatasi moja inatosha. Upande mmoja andika saa, kuanzia anapoamka mpaka anapolala. Upande wa pili andika yuko na nani. Usinakili ratiba ya shule. Andika unachokijua kwa hakika. Usipojua, weka alama ya kuuliza.

Sisi wa ziwani tuna kalenda yetu nyingine, ya mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, akina baba wanarudi nyumbani na sauti nzito inasikika tena sebuleni. Kwa hiyo andika karatasi mbili, ya giza na ya mbalamwezi. Yangu ya mbalamwezi ilikuwa safi kabisa. Ya giza ilijaa alama za kuuliza: saa kumi na moja alfajiri aliondoka na sare akisema anawahi usafi wa shule, na tangu hapo mpaka saa moja usiku nilichokuwa nacho ni maneno yake tu. Mtu anayevizia watoto wa mialoni anaijua kalenda hii kuliko mwalimu wa darasa.

Kila alama ya kuuliza itafutie mtu. Makatazo peke yake hayakai na mtoto saa kumi jioni. Mimi nilimwomba fundi baiskeli wa jirani yetu, mzee mpole anayependa kupiga hadithi, amkalishe kijana kwenye kibanda chake toka saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Malipo yake kopo la dagaa kila Jumamosi. Na shule sikuisubiri tena inipigie. Nilichukua namba ya mwalimu wa darasa, nikawa napiga kila Ijumaa: "Shikamoo mwalimu, wangu wiki hii amekuja siku ngapi?" Dakika mbili.

Hatua ya pili: mfanye aongee

Hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea, na tunakosea kwa bidii. Tunadhani mzazi mkali ndiye anayejua mambo ya mwanawe kwa sababu anamhoji. Mwaka 2000 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha utafiti kuhusu swali hili hili: mzazi anajuaje anachokijua? Waliona kwamba sehemu kubwa hutokana na mtoto mwenyewe kusema kwa hiari, na kwamba kuhoji na kudhibiti kunachangia kidogo. Na watoto ambao wazazi wao walijua mengi kwa njia ya kuambiwa ndio walioonekana kwenye makosa machache.

Nilipoelezwa habari hiyo nilikumbuka shikome. Wazee wa Kisukuma walikuwa wanawasha moto wa jioni nje ya nyumba, wanaume na vijana wanaota pamoja, wanachoma viazi, wanaongea. Kijana hakuitwa aje ahojiwe. Alikaa tu, macho kwenye moto, na mambo yake yakamtoka. Umeme na televisheni vimeuzima moto ule na hatukuweka kitu kingine mahali pake, isipokuwa kijiwe.

Kwangu shikome ni ungo. Jioni namwaga dagaa kwenye ungo, tunakaa wawili tunachambua: mawe huku, konokono huku, vichwa vilivyovunjika kwenye sufuria la kuku. Macho yako chini, mikono ina kazi. Wiki ya kwanza hakusema kitu. Ya pili akasema mpira. Ya tatu, bila kuulizwa, akasema: "Mama, hivi mtu akikupa hela halafu baadaye akasema ilikuwa mkopo, inakuwaje?" Moyo ulinilipuka. Nikaendelea kutoa mawe. "Inategemea," nikamwambia. "Alikupa ngapi?"

Ukitaka ifike hapo, fanya haya. Kwanza weka ahadi moja na uishike hata ikikuuma: akiniambia kabla sijagundua, hachapwi. Anaweza kulipa, kuomba radhi, kukosa simu, lakini hachapwi. Pili, acha kuuliza "ulikuwa wapi?" kwa sauti ya polisi, uliza "leo nani kachekesha kijiweni?" Tatu, ukiambiwa jambo zito usiseme neno mpaka umehesabu dagaa kumi. Nne, usiende kulitangaza kwa shangazi zake. Mtoto anayesikia siri yake kwa shangazi hatakuletea nyingine.

Akina baba mnaorudi mwezi ukipevuka, msianze na hukumu ya makosa yote ya siku za giza. Mpe siku mbili za kuchekeshana kwanza. Nyavu zinahitaji kushonwa. Kaa naye mshone.

Hatua ya tatu: weka fimbo chini, kanuni ibaki

Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi tumeitumia sana kuhalalisha kipigo. Mimi nashika samaki kila siku. Mbichi anakunjika kwa vidole viwili, hahitaji gongo.

Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Marekani alitofautisha malezi ya amri tupu, malezi ya kuachia, na malezi yenye upendo na mipaka kwa pamoja. Hayo ya mwisho ndiyo yanayoonekana kuwasaidia watoto wengi zaidi. Wengi wetu tunaruka kutoka la kwanza kwenda la pili: tunachapa mpaka darasa la saba, akituzidi urefu tunasema "huyo ameshanishinda." Neno hilo "ameshanishinda" braza analisubiri.

Kanuni tatu zinatosha, na adhabu yake ijulikane mapema. Kwetu: saa moja na nusu usiku yuko ndani, hakuna kitu kipya kinachoingia nyumbani bila kusema kimetoka wapi, hakuna safari ya kisiwani bila baba kumjua mwenye mtumbwi. Akivunja, adhabu ni ile ile tuliyosema, hata kama siku hiyo nina furaha.

Hatua ya nne: mjue braza

Nenda ukakae. Usipeleleze, kaa tu. Mimi nilinunua soda nikakaa jirani na kibanda kimoja cha gemu Jumamosi mchana. Watoto saba, televisheni mbili, joto la mabati. Kijana wa miaka kama 25 anaingia, anaweka noti mezani: "Waongeze wote nusu saa." Wanamshangilia. Hakuwaomba kitu. Alimwita kila mmoja kwa jina alilompa yeye mwenyewe. Mdogo kuliko wote, ambaye viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa waya, alimwita "Jenerali." Ungeona mtoto yule alivyonyoosha mgongo.

Ndivyo inavyoanza, na hatua zake hazibadiliki sana. Anamlipia. Anampa jina. Anampa siri ndogo: "usimwambie bi mkubwa, atakuelewa vibaya." Anampa kazi nyepesi, kupeleka kifurushi Mabatini, kukaa kona ya mtaa na kupiga mluzi. Kisha deni linatajwa, au kosa lile la kifurushi linageuzwa kuwa kamba shingoni. Mwenye itikadi kali anapita njia hiyo hiyo, anaongeza kitu kimoja: adui. Anamfundisha kwamba sheikh wake au mchungaji wake ni mnafiki, wazazi wamepotea, shule ni uchafu, na wao wachache ndio waliobaki safi. Kijana mwenye uchungu, aliyefeli mtihani au aliyepigwa kofi na mgambo akinyang'anywa mzigo wa ndizi, anasikia kwa mara ya kwanza mtu akimwambia uchungu wake una mwenye kosa.

Dalili ninazozichukulia kwa uzito: siri inayomhusu mtu mzima mmoja; vitu au hela visivyo na maelezo; kuacha ghafla marafiki wa zamani wote kwa mkupuo; kugawa au kuuza vitu vyake; kuwaita watu wa nyumbani kwa majina ya dharau ya kidini; habari za safari au ajira mbali ambazo hazina jina la mwajiri wala anwani.

Na yale ambayo si dalili: ndevu, suruali fupi, kanzu, hijabu, kufunga, kukesha kwenye maombi, kuacha muziki. Nimeona wazazi wakimwandama kijana kwa kuswali sana huku wakimwacha kaka yake anayebeti mpaka ada. Ukimwita gaidi mtoto anayeswali, umemwonyesha mlango.

Hatua ya tano: mpe dini iliyo wazi

Mwaka 2017 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na watu waliowahi kujiunga na makundi ya itikadi kali barani Afrika, 495 kati yao wakiwa walijiunga kwa hiari. Asilimia 57 walikiri kwamba wanaelewa kidogo maandiko ya dini yao au hawaelewi kabisa. Waliosoma elimu ya dini miaka sita au zaidi walikuwa na uwezekano mdogo wa kujiunga. Ripoti hiyo pia ilitaja hisia ya kukosa mzazi wa kujishughulisha na mtoto kuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma.

Kwa hiyo usimwondoe madrasa wala mafundisho ya kipaimara kwa woga. Mpeleke, na umjue anayemfundisha. Ingia, salimia, uliza anafundisha wapi, chini ya nani, tangu lini, na kama mzazi anaruhusiwa kukaa nyuma asikilize. Mwalimu wa kweli atakuletea kiti. Anayefundisha usiku kwenye chumba cha kupanga na kuwataka watoto wasiseme walichojifunza, mtoto wako asirudi huko.

Wala tusijidanganye kwamba jambo hili ni la dini moja. Mei 2016 watu watatu, imamu mmojawapo, waliuawa ndani ya msikiti hapa hapa Mwanza. Waliouawa ni Waislamu waliokuwa kwenye swala. Uganda, Kanungu, Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kikundi kilichojitenga na Kanisa Katoliki walikufa. Kenya, msitu wa Shakahola, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu, watoto wakiwemo. Na huku Kanda ya Ziwa tunajua ramli chonganishi zilivyowaua vikongwe na watu wenye ualbino. Mkono ulioshika panga mara nyingine ulikuwa wa kijana.

Hatua ya sita: simu

Agosti 2021 kijana mmoja aliua askari polisi watatu na mlinzi mmoja karibu na ubalozi wa Ufaransa Dar es Salaam kabla hajauawa. Polisi walisema baadaye kwamba alikuwa akijifunza itikadi hizo kwenye mitandao ya kijamii. Hakuhitaji kwenda kambini.

Kukagua simu kwa siri kunafanya kazi mara moja tu. Mara ya pili atakuwa na laini nyingine. Kubalianeni wazi: simu inalala sebuleni, na grupu ambalo ndani yake hamjui hata mtu mmoja, anatoka. Kisha uliza swali ambalo wazazi wanalisahau: bando ananunuliwa na nani? Kama laini imesajiliwa kwa alama zako za vidole, mwambie pia kwamba namba ile ni jina lako.

Hatua ya saba: hela

Hapa sina maneno mengi, kwa sababu kila mzazi wa Igogo au Buhongwa anajua kijana asiye na mia anavyonunulika. UNDP walirudia utafiti wao na kutoa ripoti nyingine mwaka 2023: robo ya waliojiunga kwa hiari walisema sababu kuu ilikuwa kazi. Dini ilikuwa chini ya hapo.

Mtoto akitaka kufanya kazi likizo, mtafutie wewe, mchana, kwa mtu unayemjua, na hela aishike mwenyewe. Aliyeacha shule mpeleke VETA, chuo cha ufundi, akaulize kozi fupi, au SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Nyakato. Akifika miaka 18, kikundi chao kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye pa kuanzia. Fomu zinachosha. Jaza naye.

Akija na habari ya ajira ya mbali, hasa kusini kuelekea mpakani na Msumbiji, ambako vita vya Cabo Delgado vimeendelea tangu Oktoba 2017, dai jina la kampuni, namba ya mwajiri na nauli ya kurudi. Mwenye kazi halali hakasiriki kwa maswali hayo.

Hatua ya nane: kama ameshaingia

Kwanza, usipige yowe. Mtaa wetu ukisikia neno mwizi, "wananchi wenye hasira kali" hawasubiri ushahidi, na mawe hayajui kwamba ana miaka 15. Tuliwahi kumzika mmoja. Sitaandika zaidi.

Tafuta mtu mzima mmoja anayemheshimu bado, mjomba, kocha, mzee wa kanisa, ashike mawasiliano hata kama wewe amekufungia. Usimwambie "usirudi kwangu." Mlango ukifungwa na mama, braza ndiye anabaki na ufunguo.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inapokelewa bila malipo, hata na mtoto mwenyewe. Kama amekwisha kutenda kosa, mpeleke kituoni wewe, usisubiri akamatwe usiku. Uliza Dawati la Jinsia na Watoto, na nenda na mtu wa pili. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kesi yake kwa kawaida husikilizwa Mahakama ya Watoto, faragha, na mzazi ana haki ya kuwepo. Usiondoke hapo. Kituoni tulikwenda mara nne, na mara mbili tuliambiwa turudi kesho; tulirudi kesho.

Lakini akitaja silaha, kuua au kufa, au safari ya siku hizi hizi, basi polisi siku hiyo hiyo, 112, na usijifanye shujaa wa kumfungia chumbani.

Na nyie mnaokamata, neno dogo. Katika ripoti ile ya 2017, asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kama ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Kofi la kituoni linaonekana dogo kwa anayepiga.

Wangu alirudi kidogo kidogo. Deni lilikuwa shilingi elfu arobaini. Baba yao alimpelekea yule braza mwenyewe, mchana, mbele ya mwenyekiti, wakaandikishana. Shule alirudia darasa, akaona aibu, akaizoea. Miezi mingi ikapita hatumtaji mtu huyo. Kisha jioni moja ya giza, baba yuko ziwani, tunachambua dagaa, akasema bila kuinua macho: "Mama, leo braza alinipigia."

Nikatoa jiwe, nikaliweka upande wa mawe.

"Alisemaje?"